Kitufe Kimehama

Daftari lilikuwa la kurasa 96, jalada la bluu, la aina ile ambayo wazazi huwanunulia watoto shule zikifunguliwa Januari. Mama alilifungua kwenye dawati la wodi ya wazazi, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akasoma kama anayesoma risala: "Bonyeza kitufe cha kijani, juu kulia." Kisha akanigeuzia kompyuta. Juu kulia hapakuwa na kitu. Kitufe kilikuwa kimehamia chini kushoto, na kimekuwa cha bluu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi wewe ulitufundisha lini?"

Wiki tano zilikuwa zimepita. Ndani ya wiki hizo wenye mfumo walikuwa wameuboresha, kama wanavyosema wenyewe, na daftari la Mama, lenye mwandiko ulionyooka wa mtu aliyesoma kwa masista wa misheni, likabaki kumbukumbu ya mfumo uliokwisha kufa.

Ninamwita Mama kwa sababu kituo kizima kinamwita hivyo. Amewazalisha wanawake ambao yeye mwenyewe aliwapokea walipozaliwa. Nami ndiye niliyemfundisha mfumo wa kielektroniki wa wagonjwa, kwa siku mbili, na nikamwandikia cheti.

Mimi ni muuguzi, sikusomea kompyuta. Kazi ya kufundisha mifumo niliiingia kwa mlango wa uani: siku moja projekta iligoma mbele ya mgeni kutoka wilayani, nikachomoa waya, nikauchomeka upya, ikawaka. Kuanzia hapo nikawa mtaalamu. Semina yangu ilikuwa na kila kinachotakiwa kwenye semina: bango ukutani, fomu ya mahudhurio, sambusa za saa nne, slaidi 87. Slaidi zilikuwa za Kiingereza kwa kuwa nilizirithi hivyo, nikawa nazitafsiri papo kwa papo huku nabofya. Watu 40, kompyuta 9. Aliyewahi kukaa kwenye mafunzo ya namna hiyo anajua kinachotokea. Kijana mmoja anashika kipanya, wakubwa wake wanne wanachungulia nyuma ya mabega yake. Mama alikuwa bega la nne. Ndiyo maana aliandika.

Tulifanya jaribio kabla ya mafunzo, tukafanya jaribio baada ya mafunzo, alama zikapanda. Nikachora grafu, nikatuma ripoti. Ilikuwa grafu nzuri sana. Bado ninayo.

Baadaye ndipo niliposoma habari za Haydom nikakuta aibu yangu imeshaandikwa na wengine. Haydom ni hospitali iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilizindua mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyelia apumue ndani ya dakika ya kwanza, kwa kutumia mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto. Tanzania iliyajaribu katika hospitali 8, na utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Habari njema, wengi tunaijua. Isiyosemwa sana ni ile ya mwaka huohuo kutoka Haydom kwenyewe: baada ya kozi ya siku moja, wahudumu walimwokoa mwanasesere vizuri zaidi kuliko mwanzo, lakini ndani ya chumba cha kujifungulia mambo yalikuwa karibu yaleyale. Mwanasesere alipona, mtoto akabaki alipokuwa. Ndipo walipomhamishia mwanasesere wodini na kuwafanya watu wajizoeze hapohapo, dakika chache, mara kwa mara, na vifo vya watoto wachanga vikaanza kushuka.

Mwanasesere wangu alikuwa zile slaidi 87.

Basi nikaanza na video, kama kila mtu anavyoanza. Nilijifungia stoo baada ya saa za kazi, nikaegemeza simu kwenye katoni la glavu, nikajirekodi nikieleza namna ya kumsajili mjamzito tangu anaingia hadi anaondoka. Dakika 11. Nilivaa koti jeupe. Mwanzoni niliweka na muziki, Mungu anisamehe. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Dole gumba zikamiminika, "hongera kaka", "kazi nzuri mkufunzi". Siku ya tatu nikamuuliza dada wa dirisha la dawa ameionaje. Hakunificha: hajaifungua. Bando lake ni la siku, na video yangu ingelimaliza kabla ya adhuhuri.

Kwenye semina anayelipia somo ni mwajiri. Kwenye simu analipa muuguzi, kutoka mfukoni mwake, na anayetaka kumfundisha kwa simu ajue kwamba kila dakika ya muziki ni nauli ya mtu. Nilikata muziki. Nikakata koti jeupe, nikakata na uso wangu, kwani uso wangu haufundishi kitu. Vikabaki skrini, kidole na sauti. Jambo moja kwa klipu moja: kumtafuta mama aliyekwisha kusajiliwa, kurekebisha tarehe ya hedhi ya mwisho iliyokosewa, cha kufanya umeme ukikatika katikati ya kujaza. Sekunde 60, ikizidi sana 90. Nikazipakia kwenye kompyuta ya wodi ili zifunguke bila mtandao, na wenye simu nikawapa kwa Bluetooth wanapopita. Nikagundua pia kwamba watu hawazitazami mchana. Wanazitazama saa tisa usiku, wodi ikiwa imetulia na usingizi unanyemelea.

Lugha nayo ilinitesa kwa namna yake. Nilijaribu Kiswahili cha kamusi nikaonekana mjuaji, nikajaribu Kiingereza nikaonekana mgeni. Kinachofundisha ni kile kinachosemwa kwenye korido: "ingia", "sevu", "rudi nyuma", "mtandao unasumbua". Halafu kuna maneno yanayofika yenyewe bila kuitwa. Kabla ya sensa ya 2022 ungemwambia mtu "kishikwambi", yaani tableti, angekucheka. Makarani walipopita na vishikwambi nyumba kwa nyumba, neno likakaa, na leo Mama analitamka kama vile alizaliwa nalo.

Klipu bora kuliko zote sikuirekodi mimi. Mama alimshikisha simu mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, akaanza kuonyesha namna ya kumtafuta mteja. Kwenye sekunde ya ishirini hivi anaandika "Mwanakhamis". Mfumo unamjibu hakuna mtu huyo. Anasonya. Unasikika msonyo kabisa, ule mrefu wa Pwani. Kisha anasema: "Haya, hapa mimi hukosea kila siku. Yupo, ila aliyemwandika mwanzo kaandika Mwanahamisi. Usikimbilie kumsajili upya, utapata mama mmoja mwenye mafaili mawili, na damu alipimwa kwenye lile jingine. Futa. Andika 'Mwana' tu, halafu tafuta kwa macho."

Nilitaka kuukata ule msonyo na ile sehemu ya kukosea. Akanikatalia. "Ukikata hapo umekata somo."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mimi katika klipu zangu sikukosea hata mara moja, na kwa hiyo sikuwahi kumwonyesha mtu afanye nini akikosea, wakati kukosea ndiko kazi yenyewe ilivyo kwa mtu mwenye wajawazito 30 kwenye benchi. Majina yetu yana tahajia mbilimbili, Zuhra na Zuhura, Hamisi na Khamis, na hakuna mhandisi aliyenitahadharisha kwamba hapo ndipo mfumo utakapokwama. Klipu ya Mama ilitoka kituoni kwetu bila kuaga. Miezi miwili baadaye ilinirudia kutoka kwa binamu yangu aliye muuguzi mkoa mwingine, ikiwa na ile alama ya kwamba imesambazwa mara nyingi. "Unamjua huyu bibi?" akaniuliza.

Babu yangu asingeshangaa. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Kwa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza kipindi, mkononi wana kijitabu, mbele yao yuko kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo. Viongozi hao walikuwa kama 75,000 nchi nzima, na watu wazima walioshiriki walifika kama milioni 2. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu, maji na vyoo. Babu alikuwa mmoja wa wale 75,000, na kijitabu chake alikitunza kwenye sanduku pamoja na hati ya shamba. Alikuwa akitusimulia kwamba kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. Kazi ilianza redio ikizimwa. Anakifunga kijitabu, anawatazama majirani zake, anauliza: haya, sisi hapa tunachimba lini? Redio haikuchimba choo hata kimoja. Ila bila redio, mzee wa kijiji chetu asingepata la kuwauliza majirani.

Nimekaa na kumbukumbu hiyo muda mrefu kwa sababu wenzangu wa mifumo hupenda kuamini kwamba tumeanza sisi. Miaka hamsini iliyopita palikuwa na chombo cha habari, maandishi mafupi, kikundi, mtu wa kuuliza swali, na jambo la kutenda kwa mikono. Kundi langu la WhatsApp lilikuwa na chombo tu.

Tukaiga. Kila Jumatano baada ya ripoti ya asubuhi, zamu ya usiku haijaondoka na ya mchana imeshafika, dakika 15. Klipu moja inachezwa, kisha kila mtu anakaa mwenyewe kwenye kiti na kufanya, mdogo hashiki kipanya mpaka mkubwa amalize. Hiyo kanuni ya mwisho ni ya mfawidhi wetu, na naithamini kuliko vifaa vyote tulivyopewa.

Swali likawa: tujizoeze juu ya nani? Hapa niliharibu, na sina wa kumsingizia. Tabibu mmoja kijana alimbuni mjamzito, akamwita Bi. Majaribio Mfano, mkazi wa nyuma ya kituo, na sote tukawa tunamhudumia. Ilikuwa burudani. Mwisho wa mwezi nikapigiwa simu na mtu anayepitia ripoti. Alikuwa mpole sana. Aliniambia kituo chetu kina mama aliyehudhuria kliniki mara 31 ndani ya mwezi mmoja na kujifungua mara mbili katika wiki moja, na akataka kujua kama anahitaji rufaa.

Tulikuwa tunajizoeza ndani ya mfumo halisi. Sikuwa nimewahi kuomba nakala ya mafunzo, yaani mfumo wa kando ambao yaliyomo hayaingii kwenye ripoti, kwa sababu kwenye semina niliyofunzwa mimi hakuna aliyeniambia kwamba kitu kama hicho huombwa. Tangu siku hiyo kompyuta ya mazoezi ina karatasi ya njano iliyobandikwa juu yake, na Bi. Majaribio amehamia huko kwa kudumu. Watu bado wanasalimiana kwa jina lake. "Majaribio hajambo?" "Hajambo, jana kapata mapacha."

Wanaotumia DHIS2 hawana shida hiyo. Huo ndio mfumo unaopokea ripoti za vituo hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi. Ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Una uwanja wake wa mazoezi, wazi kwa yeyote, na takwimu zilizomo ni za Sierra Leone. Mimi sijawahi kukanyaga Sierra Leone, lakini naijua Bo, naijua Kailahun, na ile zahanati ya Ngelehun nimeingia mara nyingi kuliko zahanati ya kijijini kwetu. Nadhani hakuna mahali duniani palipochanja watoto wasiokuwepo kama Ngelehun.

Lakini kuna somo ambalo halina klipu. Kwenye kundi moja kubwa nililomo, lenye wahudumu zaidi ya mia, mtu alikwama kwenye kujaza. Akapiga picha ukurasa wa rejesta ya wajawazito, akaituma: "Wadau, hapa nijaze nini?" Swali zuri tu. Picha ilikuwa safi, mwanga wa kutosha. Majina, vijiji, na zile safu za vipimo ambazo sihitaji kuzitaja. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa la mtu ninayesalimiana naye sokoni. Picha ilikaa dakika 40 kabla ya kufutwa, na kufutwa kwenye kundi si kufutwa kwenye simu za watu.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti; Kenya ina yake ya 2019. Ningeweza kuwasomea wenzangu vifungu. Badala yake Jumatano iliyofuata nilichora ukurasa wa rejesta, nikaujaza majina ya sisi wenyewe, mfawidhi wa kwanza, mimi wa pili, kila mmoja na ugonjwa wa kubuni pembeni, nikauwasha ukutani kwa projekta mlango ukiwa wazi na wagonjwa wanapita koridoni. Hakuna aliyecheka. Dada wa maabara aliinuka akaenda kufunga mlango. Hatukuhitaji maneno mengi baada ya hapo: picha ya skrini inaruhusiwa ikiwa ni ya Bi. Majaribio, ya mtu mwingine yeyote hapana.

Sisemi kozi kubwa za mtandaoni hazina maana. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na baraza la wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wa ngazi ya cheti, kama 22,000 hivi, waweze kupanda hadi stashahada wakiwa kazini, jambo ambalo madarasa ya kawaida yasingeliweza. Na huko New Mexico, Marekani, daktari Sanjeev Arora alianza 2003 kukutana kwa video na wahudumu wa vijijini, kila wiki, wakileta wagonjwa wao wa homa ya ini aina ya C wajadiliwe pamoja. Utafiti wa 2011 ulikuta waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Hakukuwa na mashine ya ajabu pale, ni mkutano wa video tu. Ila kila wiki palikuwa na mgonjwa wa kweli mezani na mtu wa kumjibu aliyeuliza. Ninachokipinga ni video iliyotupwa mtandaoni halafu mwenyewe akaenda zake, na kisha takwimu za "waliotazama" zikaandikwa kwenye ripoti kama "waliofunzwa". Nimeziandika mimi ripoti hizo.

Kilichomgeuza Mama kabisa hakikuwa klipu wala Jumatano. Alikuwa amejaza mfumo kwa miezi kama mtu anayetumbukiza barua kisimani: zinakwenda, hazijibiwi. Siku moja nikamfungulia grafu ya kituo chake mwenyewe, wajawazito kwa umri wa mimba siku ya hudhurio la kwanza. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonwe angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Nguzo ndefu kwenye grafu yetu ilikuwa mbali na hapo, upande wa mwezi wa tano.

Akaitazama muda mrefu. "Hawa ni wa kule juu," akasema. "Hawashuki mpaka mahindi yavunwe." Hakuna mfumo uliokuwa na safu ya mahindi. Ila kabla ya grafu hakuna aliyekuwa ameunganisha mavuno na kliniki, hata yeye, na yeye ndiye anayewajua wa kule juu kwa majina ya bibi zao. Sasa hivi kliniki ya mkoba hupanda mlimani kabla ya mavuno, na yeye ndiye anayedai grafu, tena kwa ukali, ikichelewa.

Wiki iliyopita mfumo umeboreshwa tena. Nilikuwa safarini, sikujua. Nilishuka kwenye basi nikawasha simu, nikakuta klipu kwenye kundi, ya Mama, sekunde 48. Kidole chake, kucha iliyokatwa fupi, kinatembea kwenye skrini. "Kitufe kimehama tena. Jana kilikuwa chini, leo wamekificha ndani ya hii mistari mitatu. Bonyeza mistari. Umekiona? Hicho. Kesho watakipeleka kwingine, tutakitafuta." Halafu nyuma yake mwanamke anaita, na Mama anasema, "Haya, naitwa leba," anaiweka simu mezani bila kuizima, na sekunde tisa za mwisho ni dari, pangaboi linazunguka, na viatu vyake vinakwenda haraka.